Vita vya Cabo Delgado: chanzo chake ni nini hasa, na majeshi ya kigeni yamemaliza nini?

MKAZI WA CHIKONGOLA (mleta uzi)

Wanabodi, heshima kwenu nyote.

Tangu alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017, vijana wenye silaha walipovamia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia, sisi tunaoishi upande huu wa Mto Ruvuma tumekuwa majirani wa vita vilivyoua maelfu ya watu na ambavyo, kufikia mwishoni mwa mwaka 2022, vilikuwa vimewang'oa watu zaidi ya milioni moja katika makazi yao kaskazini mwa Msumbiji. Hata hivyo, kila mjadala ninaousoma kuhusu mkoa huo wa Cabo Delgado hugawanyika katika kambi mbili zisizosikilizana. Kambi ya kwanza inasema huu ni ugaidi ulioletwa na wageni wenye itikadi kali, kwa hiyo dawa yake ni bunduki, na bunduki za Rwanda zimelithibitisha hilo. Kambi ya pili inasema vita hivi vimepikwa na mabeberu wanaoitaka gesi ya bonde la Ruvuma, kwa hiyo kila askari wa kigeni aliyeko kule ni mlinzi wa kampuni. Kambi zote mbili zina kasoro ileile: zinaiweka kando serikali ya Msumbiji, na zinawaweka kando Wamwani, Wamakonde na Wamakua, ambao ndio wanaopigana na ndio wanaozikwa.

Nianze na itikadi. Watafiti waliofanya kazi Cabo Delgado wameonyesha kwamba kikundi hiki hakikuzuka ghafla. Takriban miaka kumi kabla ya Mocímboa, katika wilaya ya Balama na kwingineko, walijitokeza vijana walioanzisha misikiti yao, wakawazuia watoto wao kwenda shule za serikali, na wakagombana waziwazi na mashehe wa maeneo yao. Mashehe hao hawakunyamaza. Walipeleka taarifa kwa wakuu wa serikali miaka kadhaa kabla ya risasi ya kwanza kupigwa, na hakuna aliyelichukulia jambo hilo kwa uzito uliostahili. Shambulizi lilipotokea, serikali iliwaita washambuliaji wahalifu wa kawaida, ikafunga baadhi ya misikiti, ikakamata mamia ya watu, na ikawazuia waandishi wa habari wasifike kwenye matukio. Mtangazaji wa redio ya jamii mjini Palma alitoweka Aprili 2020 baada ya kutuma ujumbe kwamba amezungukwa na askari. Katika hali hiyo uvumi lazima uchukue nafasi ya habari, na nadharia nyingi tunazobishania leo zilizaliwa katika giza hilo.

Sasa tuje kwenye malalamiko ya maisha, ambayo kambi ya bunduki huyapuuza. Yakuti nyekundu za Montepuez ziligunduliwa mwaka 2009, na vijana kutoka kila upande, wakiwemo wa kwetu, walikwenda kuchimba kwa sururu na beleshi. Baadaye leseni ikatolewa kwa kampuni ambayo asilimia 75 ya hisa zake zinamilikiwa na Gemfields ya Uingereza, na mshirika wake wa ndani ni kampuni ya jenerali mstaafu wa Frelimo, chama tawala cha Msumbiji. Februari 2017 maelfu ya wachimbaji wadogo walifukuzwa kwa nguvu, na wengi walipoteza kila kitu walichokuwa nacho. Hiyo ilikuwa miezi minane tu kabla ya Mocímboa. Mwaka 2019 Gemfields ilikubali kulipa pauni milioni 5.8 kumaliza madai ya ukatili uliofanywa katika eneo la mgodi, ingawa haikukiri kuwajibika. Huko Afungi, katika wilaya ya Palma, wavuvi na wakulima wa Quitupo walihamishiwa Quitunda ili kupisha mitambo ya gesi, wakaiacha pwani iliyokuwa ikiwalisha. Ongezeni hapo mikopo ya siri ya mwaka 2013 na 2014, yenye thamani ya dola bilioni 2 hivi, ambayo sehemu yake iliombwa kwa maelezo kwamba ni ya kulinda pwani ya nchi hiyo. Pwani ilipovamiwa, ulinzi huo haukuonekana.

Baadhi yenu mtasema kwamba umaskini peke yake hauzai vita, na mtakuwa na haki. Mfano uliopo ni sisi wenyewe. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka kwa sababu ya bomba la gesi kutoka Mnazi Bay kwenda Dar es Salaam. Nyumba na ofisi zilichomwa, jeshi liliingia mitaani, watu walipoteza maisha, na wapo waliopigwa bila kosa na hawajafidiwa hadi leo. Tulikuwa na gesi, tulikuwa na vijana wasio na ajira, tulikuwa na hisia kwamba Kusini imesahaulika tangu enzi ya mkoloni, na wengi wetu ni Waislamu wa pwani kama wenzetu wa Mocímboa. Kwa nini sisi hatukuingia msituni? Jibu langu ni kwamba hasira yetu ilikuwa na mahali pa kwenda. Ilikwenda kwa madiwani, kwa wabunge, mahakamani na kwenye sanduku la kura mwaka 2015, na halmashauri ikaanza kudai kwa sauti ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 kutoka kwa kampuni za gesi. Si haki kamili, na mimi ni miongoni mwa wanaosema kwamba Mtwara haijatendewa inavyostahili, lakini mlango haukufungwa wote. Kijana wa Mocímboa hakuwa na mlango hata mmoja, kwa sababu chama, serikali, kampuni na polisi vilikuwa mikononi mwa watu walewale.

Ndipo nafika kwenye majeshi ya kigeni. Msumbiji ilianza kwa kukodi watu. Septemba 2019 walikuja Warusi wa kampuni ya kijeshi ya Wagner, wakapoteza wapiganaji ndani ya majuma machache na kuondoka. Walifuatwa na Dyck Advisory Group ya Afrika Kusini, waliokuwa wakipiga kwa helikopta hadi mkataba wao ulipoisha Aprili 2021. Katikati ya hapo, Agosti 2020, bandari ya Mocímboa ilitekwa, na tarehe 24 Machi 2021 Palma ikavamiwa, TotalEnergies ya Ufaransa ikasimamisha mradi wake wa dola bilioni 20. Julai 2021 waliingia Wanyarwanda wapatao elfu moja, na siku chache baadaye kikosi cha SADC kilichojumuisha Afrika Kusini, Botswana, Lesotho, Tanzania na nchi nyingine. Tarehe 8 Agosti 2021 Mocímboa ilikombolewa. Hilo halikanushiki, na mtu aliyeona mji ule ukirudi mikononi mwa wenyewe hawezi kulibeza.

Lakini angalieni yaliyofuata. Kikosi cha SADC kilimaliza muda wake Julai 2024. Mwezi Mei mwaka huohuo, wakati vikosi vikijiandaa kuondoka, wapiganaji waliingia mji wa Macomia na kukaa humo kama siku mbili. Kiongozi wao, Bonomade Machude Omar, alikuwa amekwishauawa Agosti 2023. Septemba 2025 wapiganaji waliua watu tena ndani ya Mocímboa, mji ambao Wanyarwanda wanaulinda. Kwa mtazamo wangu, majeshi ya kigeni yameirudisha miji na yameshindwa kuirudisha serikali, kwa sababu hiyo haikuwa kazi yao na hawawezi kuifanya kwa niaba ya mtu mwingine. Naomba michango yenu.


MWALIMU MSTAAFU, NACHINGWEA

Mwanangu mleta uzi, nimekusoma hadi mwisho na nakushukuru kwa kuandika bila matusi. Nina hoja ya kukupinga.

Unayazungumzia majeshi ya kigeni kana kwamba ni mgeni aliyeingia jana katika nyumba ya Msumbiji. Hapa Nachingwea, Farm 17 palikuwa kambi kuu ya mafunzo ya Frelimo. Wapiganaji walioanzisha vita dhidi ya Mreno kule Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964, walitokea nchini kwetu, na chama chao kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Makaburi ya mashujaa pale Naliendele yana askari wetu waliokufa kwa ajili ya uhuru wa Msumbiji. Baada ya uhuru tulirudi tena: kati ya mwaka 1986 na 1988 jeshi letu lilikuwa Zambezia likiisaidia serikali ya Msumbiji dhidi ya waasi wa Renamo, ambayo nayo ilikuwa ikilishwa na makaburu. Kama kuingia kwa jeshi la kigeni ni dosari, basi dosari hiyo tunayo sisi kwanza, na mimi sikubali kwamba ilikuwa dosari.

Kwangu mimi maswali ni matatu: nani amemwalika, anapigana na nani, na akimaliza anarudi kwao? Wanyarwanda walialikwa na serikali halali. Walipigana na watu waliowachinja wanakijiji katika uwanja wa mpira. Baada ya Mocímboa na Palma kukombolewa, mamia ya maelfu ya watu walirudi makwao, wakalima, na shule zikafunguliwa. Unasema jeshi halirudishi serikali. Sawa, lakini hakuna mwalimu atakayefungua darasa, wala hakimu atakayeketi, mahali ambapo vichwa vinakatwa. Usalama hutangulia, na waliouleta wanastahili shukrani kabla ya lawama.

Kuhusu swali la tatu, hapo nina wasiwasi kama wako. Sisi Zambezia tuliondoka.


MZALENDO WA KUSINI

Shikamoo mwalimu. Mkuu mleta uzi, salamu.

Mwalimu ameuliza ni nani aliyemwalika Mnyarwanda. Mimi nauliza ni nani anayemlipa. Palma ilivamiwa Machi 2021. Aprili Rais wa Msumbiji wakati huo, Nyusi, alikwenda Kigali. Mei Rais Macron wa Ufaransa naye alikwenda Kigali. Julai askari wakaingia, na wakapelekwa Palma na Mocímboa, yaani wilaya za gesi, huku kikosi cha SADC kikiachiwa Macomia, Nangade na misitu mingine isiyo na mtambo hata mmoja. Desemba 2022 Umoja wa Ulaya ukatoa euro milioni 20 kwa ajili ya jeshi la Rwanda lililoko Cabo Delgado, na Novemba 2024 ukatoa milioni 20 nyingine. Kikosi cha SADC, ambacho ni cha nchi jirani zenye maslahi ya moja kwa moja katika amani ya eneo hili, kiliondoka kwa kukosa fedha, ilhali kinacholinda gesi kimeongezwa askari. Mtu mzima akiyaweka mambo hayo mezani pamoja, hahitaji kuambiwa maana yake.

Vilevile, mwaka 2024 vyombo vya habari vya Ulaya viliripoti tuhuma kwamba wanajeshi wa Msumbiji waliokuwa wakilinda eneo la Afungi mwaka 2021 waliwafungia wanakijiji ndani ya makontena na kuwaua wengi wao. TotalEnergies imekana kuhusika. Lakini jiulizeni kwa nini habari hiyo ilichukua miaka mitatu kutoka. Vita hivi vina wenyewe, na wenyewe hawako msituni.


MKAZI WA CHIKONGOLA

Ndugu yangu Mzalendo, mfululizo wa tarehe ulioutoa ni sahihi, na jambo la mgawanyo wa wilaya ni zito kuliko wengi wanavyolichukulia. Ramani ya walikopelekwa askari inaonyesha ni maisha ya nani yaliyopewa kipaumbele. Hapo tuko pamoja.

Tunaachana unapotoka kwenye ramani ya askari na kwenda kwenye chanzo cha vita. Aliyefaidika na ulinzi si lazima awe ndiye aliyeuanzisha moto. Anadarko iligundua gesi hiyo mwaka 2010, na vurugu za kikundi hiki kule Balama zilikuwa zimekwishaanza. Kampuni zilizowekeza zilitaka utulivu kuliko mtu yeyote, na vita vilisimamisha mradi wa Afungi kwa zaidi ya miaka minne, hadi Novemba 2025 TotalEnergies ilipotangaza kuondoa usitishaji ule. Kampuni haipiki vita vya kuizuia isichimbe. Kosa lake ni jingine, na kwangu mimi ni kubwa vya kutosha: ilikuja kujenga mradi wa mabilioni katika wilaya ambayo tayari ilikuwa inaungua, ikapatana na serikali juu ya askari wa kuulinda, na ikawahamisha watu kabla ya kuhakikisha kwamba maisha yao mapya yanawezekana. Tukisema wao ndio waliopanga kila kitu, tunamwondolea mzigo mkuu wa wilaya aliyezikalia taarifa za mashehe, polisi aliyepora wachimbaji wa Montepuez, na waziri aliyekopa fedha za ulinzi ambazo hazikulinda. Manuel Chang, aliyekuwa waziri wa fedha, ametiwa hatiani New York. Wananchi wa Cabo Delgado walikuwa na haki ya kuona kesi kama hiyo mapema zaidi, na nyumbani kwao.


MRUFIJI WA LINDI

Wakuu, nimewasoma kwa utulivu. Mimi ni mzaliwa wa Rufiji na sasa naishi Lindi, na ninasikitika kuona kwamba mjadala unakwenda mbali hadi Paris na Kigali wakati sehemu ya habari hii ilipita mlangoni kwetu.

Kati ya mwaka 2015 na 2017, katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, watu wasiojulikana walikuwa wakiwaua wenyeviti wa vijiji, watendaji na polisi. Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa siku moja. Operesheni kali ilifuata, na baadhi ya ndugu zetu waliochukuliwa wakati ule hawajarudi hadi leo, jambo ambalo nalitaja kwa uchungu na kwa makusudi. Ilipofika katikati ya mwaka 2017 mauaji yakapungua. Miezi michache baadaye Mocímboa ikalipuka. Wapo waliovuka Ruvuma, na miongoni mwa wapiganaji waliokamatwa au kuuawa kule wametajwa Watanzania mara nyingi. Kwa hiyo mleta uzi anapouliza kwa nini Mtwara haikuingia msituni, aongeze na Pwani kwenye hesabu yake. Sisi tulikuwa na madiwani na wabunge kama ninyi, na bado vijana wetu waliingia.

Itikadi ina nguvu yake yenyewe. Aprili 2020, katika kijiji cha Xitaxi wilayani Muidumbe, polisi wa Msumbiji walisema vijana 52 waliuawa kwa sababu walikataa kujiunga na kikundi. Vijana hao 52 walikuwa maskini kama waliowaua. Walionyimwa leseni ya yakuti walikuwa pande zote mbili za bunduki. Umaskini unaeleza kwa nini kulikuwa na watu wa kusikiliza, lakini hauelezi maneno waliyoambiwa, wala hauelezi kwa nini mtu amchinje shehe aliyemfundisha kusoma. Tukiogopa kulitaja hilo kwa kuchelea kuudhi, tutawaachia wahubiri wale uwanja peke yao, na sisi Waislamu wa pwani ndio wa kwanza kuumia.


MSOMAJI, MASASI

Nakubaliana na Mrufiji kuhusu Xitaxi. Ila nami nauliza: operesheni iliyowahamisha watu hao kutoka Kibiti hadi Cabo Delgado, tuihesabu kuwa ushindi wa nani?


MFANYABIASHARA WA KILAMBO

Mwalimu, shikamoo. Kaka zangu, habari zenu.

Ninaandika kwa sababu katika michango yote hii Tanzania inatajwa kama shahidi au kama historia, wakati sisi akina mama wa Kilambo tunajua kwamba nchi yetu imo ndani ya vita hivi. Kabla ya mwaka 2020, Palma na Quionga walikula kutoka Mtwara. Unga, sukari, mafuta ya kula, sabuni, kanga na vipuri vya pikipiki vilivuka Ruvuma kwa pantoni na kwa mitumbwi, na sisi tulirudi na samaki wakavu, kamba na metikali, fedha za Msumbiji, zilizokunjwa kwenye pembe ya khanga. Wateja wangu wengi walichukua kwa mkopo. Daftari la madeni ninalo: kurasa nzima za majina ya watu wa Quionga, mbele ya kila jina kilo za sukari na tarehe ya kulipa, na tarehe zote zinaishia mwaka uleule. Baadhi yao niliambiwa wamefika Pemba ya Msumbiji. Wengine sijui niulize wapi.

Oktoba 2020 vita vilivuka. Kijiji cha Kitaya kilivamiwa usiku, nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na mkuu wa jeshi la polisi wakati huo akathibitisha kwamba washambuliaji walikuwa wengi na walitokea ng'ambo. Vijiji vya kando ya mto vilihama, watu wakalala kwa ndugu Nanyamba na Mtwara mjini wakiacha mpunga shambani. Baada ya hapo ulinzi uliimarishwa, na ninawashukuru askari wetu kwa hilo, maana bila wao nisingekuwa na duka.

Lakini liko jambo ambalo hamkuligusa. Palma ilipovamiwa, watu walivuka kuja kwetu wakiwa na watoto mgongoni, miguu imevimba kwa kutembea msituni, wakizungumza Kimakonde na Kimwani ambavyo sisi tunavielewa. Wengi walipakiwa kwenye magari na kurudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilisema kwamba zaidi ya watu 9,000 walirudishwa katika nusu ya kwanza ya mwaka 2021, na likaiomba Tanzania iache. Wengine miongoni mwao ni shangazi na binamu za watu wa Mahurunga. Mnapojadili nani mgeni katika vita hivi, nielezeni mtu wa Quionga aliyeoa Kilambo anakuwa mgeni kwa sheria ipi.


MKAZI WA CHIKONGOLA

Dada, nimeisoma michango yote ya uzi huu na wako ndio uliogusa sera ambayo sisi wenyewe tunaweza kuibadilisha. Kigali na Paris hawatusikilizi. Dodoma inapaswa kutusikiliza.

Kwanza nimjibu Mrufiji. Hoja ya Kibiti haivunji maelezo yangu, inayafikisha nyumbani. Watu wa Kibiti nao walikuwa na malalamiko ya muda mrefu juu ya vizuizi vya mazao ya misitu, ushuru na namna walivyotendewa, na wahubiri walipata masikio hapohapo. Ninakubali kwamba wahubiri walikuwapo na kwamba maneno yao yana nguvu. Ninachokataa ni kuyafanya maneno hayo kuwa maelezo yote, kwa sababu yamehubiriwa pwani nzima, kutoka Mombasa hadi Pemba ya Msumbiji, na vita vimeshika mizizi mahali pamoja. Na swali la ndugu yetu wa Masasi lina jibu linalouma: hakuna aliyeshinda. Operesheni iliyowasukuma watu kuvuka mpaka, bila kesi na bila ukweli kujulikana, iliipa Cabo Delgado wapiganaji, kisha Kitaya ikalipa.

Kwa hiyo ninapopinga kuyategemea majeshi ya kigeni, simaanishi kwamba askari wetu walioko Nangade warudi kesho. Wakiondoka kesho, Michenjele na Kitaya hazitalala. Ninataka Bunge lielezwe kazi yao ni ipi, itapimwa kwa nini, na itakwisha lini, kwa sababu wanatoka katika familia zetu. Kikosi cha SADC kilikaa miaka mitatu na wananchi wengi wa nchi zilizokipeleka hawakuwahi kusomewa taarifa kamili ya kilichofanyika, hata baada ya video ya Januari 2023 iliyoonyesha askari wakitupa maiti kwenye moto, ambayo SADC yenyewe ilisema itaichunguza. Jeshi lisilotoa hesabu kwa wananchi wake halitawafundisha wengine kuheshimu wananchi wao.

Kuhusu wakimbizi, naunga mkono moja kwa moja. Kijana aliyekimbia kundi, akafukuzwa kwenye mpaka wa Mtambaswala, akarudishwa Negomano bila chakula wala kitambulisho, anarudi mikononi mwa watu wawili tu: askari anayemshuku na mpiganaji anayemtafuta. Tunamchagulia. Kuna wanaosema kwamba miongoni mwa wakimbizi wamo wapiganaji. Inawezekana, na ndiyo maana kuna kuhojiwa, kusajiliwa na kupelekwa kambini mbali na mpaka, kazi ambayo nchi hii inaijua kuliko nchi nyingi za Afrika.


MWALIMU MSTAAFU, NACHINGWEA

Mwanangu, juu ya Rwanda bado hatujakubaliana, na sioni haya kusema hivyo. Mji uliokombolewa ni mji uliokombolewa.

Ila katika hili la Mfanyabiashara wa Kilambo ninasimama naye. Vita vya Mreno vilipoanza, Wamakonde wa Msumbiji walivuka Ruvuma kwa maelfu. Walipokewa, wakapewa ardhi katika makazi ya Rutamba kule Lindi na Matekwe hapa Nachingwea, wakalima korosho na mihogo, watoto wao wakasoma pamoja na wetu. Wakati ule nasi tulikuwa na hofu, kwa maana Mreno alikuwa akipiga mabomu vijiji vya mpakani na wapelelezi wake walikuwapo miongoni mwa waliovuka. Serikali iliwachuja watu na kuwahifadhi kwa pamoja, ikiwa na fedha kidogo kuliko leo, magari machache kuliko leo, na nchi yenye umri wa miaka mitatu tu tangu uhuru. Anayesema sasa kwamba jambo hilo haliwezekani aje Rutamba awaulize waliobaki pale na kuwa Watanzania.